Swali Ambalo Baba Hakulitafsiri

Siku babu yangu Onsongo alipokufa, baba alirudi nyumbani kutoka hospitali akiwa amevaa makoti mawili. Ulikuwa mwezi wa Mei mwaka wa 1968. Tulikuwa shambani tukichuma pareto kabla ya kwenda shule, kama tulivyozoea. Kwetu karibu na Nyamache umande wa Mei ni baridi sana, na ukichuma maua kwa muda mrefu vidole hufa ganzi. Niliinua kichwa kupuliza mikono yangu, nikamwona baba akipanda kilima polepole. Koti la juu lilikuwa la babu. Mikono yake ilikuwa mifupi kwa baba, ikaishia karibu na viwiko.

Mama aliweka kikapu chini. Nyanya hakuuliza kitu. Alisimama katikati ya mistari ya pareto, akamtazama mwanawe, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Amekwenda na maneno yake."

Halafu akapiga yowe, na majirani wakaanza kuja.

Juma lile lote watu walikaa uani kwetu, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Huyu alisema ni uzee, yule alisema ni baridi, na mwingine alinong'ona kwamba ni jicho la mtu mbaya. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na swali moja tu. Maneno gani? Nilimwuliza mama, akaniambia nikateke maji. Nilimwuliza baba.

"Baba, babu alimwambia daktari nini?"

"Alisema mgongo unamwuma."

"Na nini tena?"

"Basi. Mgongo."

Wakati ule baba ndiye aliyekuwa mtafsiri wa watu wetu. Alikuwa amefanya kazi miaka sita katika mashamba ya chai ya Kericho, akajifunza Kiswahili huko. Babu na nyanya walijua Ekegusii peke yake. Kwa hiyo mzee yeyote wa ukoo alipokwenda hospitali, baba alikwenda naye kuwa mdomo wake.

Baada ya matanga niliambiwa nihamie nyumbani kwa nyanya ili asikae peke yake. Nilifurahi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Drusilla, na hakuna mtu aliyejua kutania kama yeye. Aliniita mke mwenza, kwa sababu kwetu mjukuu wa kike huhesabiwa kuwa mke wa babu yake.

"We mke mwenza mvivu!" alinipigia kelele kila asubuhi. "Mume wetu ametuachia shamba, nawe umelala kama mgeni?"

"Mke mkubwa ndiye huamka kwanza," nilimjibu.

"Mke mkubwa ana meno manne tu. Amka uwashe moto!"

Mjukuu na nyanya yake wanaweza kuambiana jambo lolote, na hakuna anayeona vibaya. Lakini mzazi na mtoto wake mkubwa hawawezi. Baina yao kuna haya na heshima tunayoiita chinsoni. Baba hakuingia katika chumba cha kulala cha mama yake. Nyanya hakutaja mambo ya mwili mbele ya baba, wala mbele ya mama yangu, ambaye alikuwa mke wa mwanawe. Nililijua hilo kama nilivyojua kwamba moto unaunguza. Hakuna aliyenifundisha.

Mwaka mmoja ulipita. Nyanya akaanza kukonda. Watu walisema ni huzuni ya ujane, na waliokuja kumwona walimletea pakiti za sukari, kama ilivyo desturi ya kumwona mtu aliyefiwa. Walimwambia, "Tia sukari kwenye uji, mama, urudishe mwili." Alitia vijiko vinne katika kila bakuli la uji wa wimbi. Hata hivyo, alizidi kukonda.

Siku moja jembe lilimkata kidole gumba cha mguu. Lilikuwa jeraha dogo, la kufunga kwa kitambaa na kusahau. Lakini halikupona. Wiki ya sita baba aliamua kumpeleka katika kituo cha afya, nami nikafuatana nao kubeba maji ya kunywa, maana nyanya hakukubali kwenda popote bila maji.

Tulimkuta dresa mlangoni, yaani msaidizi aliyefunga vidonda. Jina lake lilikuwa Nyamweya, naye alikuwa amemwoa shangazi yangu. Alipomwona mama mkwe wake anakuja, aliangusha beseni. Nyanya alijifunika uso kwa leso. Nyamweya alizunguka kama kuku aliyefukuzwa, akatokea mlango wa nyuma, na hatukumwona tena siku ile. Niliziba mdomo nisicheke. Yeye ndiye aliyekuwa mfanyakazi pekee wa kituo aliyejua Ekegusii.

Tabibu alikuwa mgeni, kijana mrefu aliyeitwa Warsame, mzaliwa wa Isiolo. Alikuwa amekaa kwetu miezi minne tu. Alijua Kiswahili, Kiingereza na Kisomali. Katika Ekegusii alijua neno moja, "bwakire", ambalo ni salamu ya asubuhi, na alilitumia hata jioni.

"Bwakire, mama," alisema. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nyanya akacheka kidogo, akaketi.

Tabibu alifungua kitambaa, akainama kutazama kidole. Alimwuliza baba jeraha lilianza lini, na baba akamweleza.

"Wiki sita, na bado ni bichi hivi?" Alikunja uso. "Mwulize mama: je, anasikia kiu sana? Na anakwenda haja ndogo mara nyingi kuliko zamani?"

Baba alitazama dirisha. Akasafisha koo. Kisha akamgeukia mama yake bila kumwangalia usoni, akasema kwa Ekegusii, "Anauliza kama unalala vizuri."

"Ninalala," nyanya akajibu.

Baba akamgeukia tabibu. "Anasema hapana."

Nilidhani masikio yangu yamekosea. Nilikuwa darasa la sita, na Kiswahili changu kilikuwa kizuri kuliko cha wenzangu wengi. Nilirudia maneno ya tabibu kichwani, neno kwa neno. Hapakuwa na usingizi ndani yake.

Tabibu alimpaka nyanya dawa ya zambarau, akampa unga wa kunyunyizia kidonda, tukaondoka. Njiani nyanya alitangulia akichechemea na fimbo yake. Nilimkaribia baba.

"Baba, daktari hakuuliza habari za usingizi."

Alisimama ghafla. "Nani amekuuliza wewe?"

"Hakuna."

Tulitembea hatua nyingi kabla hajasema tena. "Kemuma, kuna maneno mtu hawezi kumtamkia mama yake. Hata kama ni maneno ya daktari. Utakapokuwa mkubwa utaelewa."

Lakini mimi nilitaka kuelewa kabla sijawa mkubwa.

Tangu siku hiyo nilianza kumchunguza nyanya. Mtungi wa maji niliokuwa nikiujaza mara moja kwa siku, sasa niliujaza mara mbili. Tulipochuma pareto, alitoweka nyuma ya migomba mara tatu kabla jua halijakausha umande. Siku moja nilikwenda kule kukata jani la mgomba la kufunikia kikapu. Nikaona jambo la ajabu. Mstari wa sisimizi ulikuwa ukitoka kwenye shina la mgomba, ukavuka njia, ukaishia mahali palipolowana. Walikuwa wamejazana pale kama watu sokoni siku ya soko.

Nilimwita rafiki yangu Mong'ina, ambaye nyumba yao ilipakana na yetu.

"Labda aliangusha ndizi," Mong'ina alisema.

Tulitafuta. Hapakuwa na ndizi, wala ganda lake.

"Ni mkojo wa nyanya," nilimwambia.

"Sasa? Mkojo wa kila mtu huvuta sisimizi."

"Una hakika?"

Hakuwa na hakika. Basi tukajaribu. Kila mmoja wetu alichagua mahali pake kando ya migomba, tukaweka vijiti vya alama, tukaenda shule. Jioni tulirudi mbio. Penye kijiti changu hapakuwa na sisimizi hata mmoja. Penye kijiti cha Mong'ina alipita mmoja tu, tena alikuwa na safari zake. Tulirudia kesho yake, mambo yakawa yaleyale.

"Ukifa," Mong'ina alisema, "tutaandika kaburini kwako: Hapa amelala Kemuma, mpelelezi wa mikojo."

"Na wewe utalala kando yangu. Kijiti cha pili kilikuwa chako."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini swali halikuondoka. Katika somo la sayansi nilinyosha mkono.

"Mwalimu, sisimizi hufuata nini?"

"Hufuata chakula. Na wanachokipenda kuliko vyote ni kitu kitamu."

"Na kama mahali hapo hatuoni kitu kitamu?"

"Kutokuona kwako hakukiondoi," mwalimu alijibu, na darasa likacheka.

Mong'ina alinisukuma kwa kiwiko. "Nyanya yako ni muwa?"

Sikucheka mara hii. Asubuhi ile nilikuwa nimemfungua nyanya kitambaa cha mguu, na pembeni mwa kidole nyama ilikuwa imegeuka nyeusi. Dawa ya zambarau haikuweza kuficha harufu.

Jioni tulikaa mlangoni tukichambua maharagwe. Nilijikaza.

"Nyanya, unasikia kiu sana?"

"Nani amekwambia?"

"Mtungi. Nimeujaza mara mbili, na mimi nimekunywa kikombe kimoja."

"Mtungi una mdomo mpana kuliko wangu. Labda umejinywea wenyewe."

"Na sisimizi wa nyuma ya migomba?"

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Alinitazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. "We mke mwenza! Umenifuata mpaka huko?"

Alipomaliza kucheka aliniambia yote. Kiu ilianza wakati wa mvua za mwaka uliopita. Alikwenda haja mara nyingi asizoweza kuhesabu. Mwili ulimwasha mahali ambapo hangeweza kujikuna mbele za watu. Macho yake yalikuwa na ukungu, hata uzi haukuingia tena katika tundu la sindano.

"Mbona hukumwambia daktari?"

"Hakuniuliza."

"Aliuliza, nyanya. Baba ndiye hakukuambia. Daktari aliuliza habari za kiu na haja ndogo, baba akasema anauliza kama unalala."

Nilidhani atakasirika. Badala yake aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia kwamba mwanawe amekuwa na adabu ugenini. "Alifanya vizuri. Mwana gani angemwuliza mama yake hayo?"

Nilichambua maharagwe machache. Halafu lile swali la zamani likanitoka lenyewe.

"Na babu? Ulisema amekwenda na maneno yake. Maneno gani?"

Nyanya aliweka ungo chini.

"Babu yako alikojoa damu miezi mitatu," alisema. "Mimi nilijua, kwa sababu ni mimi niliyefua nguo zake. Nilimwambia, nenda hospitali useme. Akaenda. Lakini nani alikuwa mdomo wake huko? Baba yako. Mzee angemwambiaje mwanawe maneno kama hayo? Basi akasema mgongo."

"Mgongo haukumwuma?"

"Ulimwuma. Hakudanganya. Alisema kipande kile kinachosemeka."

"Kwa hiyo daktari akatibu mgongo."

"Akatibu mgongo."

"Na sasa," nilisema, "huyu wetu anatibu kidole."

Nyanya aliunyosha mguu wake, akautazama kwa muda mrefu kama vile ulikuwa wa mtu mwingine. Kuku walikuja wakadonoa maharagwe yaliyoanguka, na wala hakuwafukuza.

"Kama mdomo wangu ungekuwa wewe," alisema hatimaye, "ningesema hata habari za usiku wa harusi yangu. Lakini nani atamwambia baba yako atoke nje? Wewe?"

Nilitikisa kichwa. Mtoto wa kike kumwambia baba yake aondoke mbele ya mgeni! Ningeweza vilevile kumwambia mlima ujisogeze.

"Basi," nyanya akasema. "Tupike."

Siku ya tatu aliamka na homa, na mguu umevimba mpaka kwenye kifundo. Baba alimpandisha kwenye baiskeli, akaisukuma njia nzima, nami nikamshikilia nyanya mgongoni asianguke. Hakunitania hata mara moja. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko uvimbe.

Tabibu Warsame alifungua kitambaa. Safari hii hakusema bwakire.

"Kidole hiki kinakufa," alimwambia baba. "Kikiendelea hivi mguu utafuata, na baada ya mguu, mama mwenyewe. Dawa niliyompa ni nzuri, ingetosha kuponya jeraha kama lile. Kuna kitu sijakijua. Mwulize tena, tafadhali, yale niliyouliza mara ya kwanza."

Baba alifungua mdomo. Nilijua atakayoyasema. Atauliza kama analala vizuri.

"Daktari," nilisema kwa Kiswahili, "baba akiwa humu ndani, nyanya hatasema."

"Kemuma!"

"Mwache," tabibu alisema. "Kwa nini hatasema, binti?"

Niliyaelekeza macho yangu kwenye sakafu ya saruji, nikasema yote kwa mara moja nisije nikashindwa. "Kwa sababu baba ni mwanawe. Kwetu mama hasemi mambo ya mwili mbele ya mwanawe, na mwanawe hawezi kumwuliza. Mara ile uliuliza habari za kiu na haja ndogo. Swali lako halikufika."

Katika chumba cha pili jiko la mafuta lililochemshia sindano lilikuwa likivuma. Sikuthubutu kumtazama baba. Nilingojea mkono wake.

Baba alichukua kofia yake juu ya meza. Alipozungumza, hakuzungumza nami. "Ni kweli, daktari," alisema. "Sikuliuliza. Lilinishinda." Akatoka nje, akaufunga mlango taratibu.

Nyanya, ambaye hakuwa ameelewa hata neno moja, alinishika mkono. "Umemwambia nini baba yako, mbona ametoka kama mtu aliyekanyaga nyoka?"

"Nimesema huwezi kusema akiwepo."

"Wewe umesema hivyo? Mbele ya mgeni?" Alinikazia macho, na pamoja na homa yake nikaona tabasamu linakuja. "Mke mwenza, wewe utaniua kwa aibu kabla ya ugonjwa. Haya. Mwambie kijana achukue karatasi kubwa."

Akasema. Alisema kiu, alisema haja, alisema kuwashwa, alisema sindano na uzi. Alisema vijiko vinne vya sukari. Mahali nilipokosa neno la Kiswahili nilionyesha kwa kidole, na nyanya alinicheka. Tabibu Warsame hakucheka wala hakufanya haraka. Aliandika kila kitu. Mwisho nilimweleza habari za sisimizi na vijiti vyetu viwili. Aliacha kuandika.

"Mlifanya hivyo wenyewe?"

"Mimi na Mong'ina."

"Njoo uone," alisema.

Alimpa nyanya kikopo, akampeleka nyuma ya pazia. Baadaye alichukua bomba dogo la kioo, akatia ndani maji ya dawa yenye rangi ya buluu, safi kama anga la Januari. Aliongeza matone manane ya mkojo. Kisha akalishika bomba kwa koleo juu ya taa ya spiriti. Maji yakaanza kuchemka. Buluu ikawa kijani. Kijani kikawa manjano. Halafu, mbele ya macho yangu, manjano yakageuka kuwa mekundu kama tofali lililochomwa.

"Ni sukari," tabibu alisema. "Mwili wa nyanya yako haujui tena kuitumia, kwa hiyo inamwagika nje. Ndiyo maana ana kiu, ndiyo maana anakonda, ndiyo maana kidonda hakiponi. Sisimizi walijua kabla yangu."

Nilimtafsiria nyanya. Alitafakari kidogo. "Kwa hiyo majirani walionihurumia ndio waliokuwa wakiniua?"

"Hawakujua," nilisema.

"Na nani angewaambia?" alisema, akafumba macho apumzike.

Tulimkuta baba ameketi kwenye ngazi za kituo, kofia iko magotini. Tabibu Warsame aliketi kando yake, juu ya ngazi ileile. Alimweleza ugonjwa wenyewe na kwamba gari litampeleka nyanya hospitali ya Kisii jioni hiyo. Hakutaja sisimizi wala kuwashwa, wala lolote ambalo baba hakupaswa kulisikia. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari," alisema. "Baba yangu alikufa mwaka jana. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtafsiria. Kama kungekuwa na mtu mwingine mle ndani..."

Tabibu alimgeukia. "Sikumtibu mimi. Pengine angepona, pengine asingepona. Sitakudanganya kwa kusema najua."

"Ndiyo."

"Lakini nitakuambia ninalolijua. Mama yangu mwenyewe kule Isiolo alikohoa mwaka mzima, na mimi mwanawe niliye tabibu akaniambia ni vumbi la ng'ombe. Watu hawatufichi kwa sababu ni waongo, Bwana Nyasani. Mwingine anaogopa kugombezwa. Mwingine anaona haya. Mwingine anamheshimu mtu aliyesimama karibu naye. Siku ile nilipaswa kuuliza, huyu anayetafsiri ni nani kwako? Sikuuliza. Kosa hilo ni langu, wala si lako."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, binti, sikiliza. Heshima ya kwenu ni nzuri, msiitupe. Lakini tabibu akiambiwa nusu, hutibu nusu, na ile nusu nyingine hubaki na mgonjwa. Ukiumwa, sema yote. Ukiona huwezi kuyasema mbele ya fulani, basi sema hilo kwanza: nataka mtu mwingine anisaidie. Huko si kukosa adabu. Leo umemvunjia nani heshima?"

Nilimtazama baba usoni kwa mara ya kwanza tangu niseme mbele ya daktari. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hakuna," baba akajibu kwa niaba yangu.

Gari lilipoondoka na nyanya, tulirudi nyumbani mimi na baba na ile baiskeli. Hakusema kitu mpaka tulipovuka mto. Nilijua bado kuna fimbo nyumbani, na sikujua kama imesahauliwa.

"Kiswahili chako ni kizuri," alisema. "Mwalimu wenu anafanya kazi."

Hayo ndiyo maneno yote aliyoniambia kuhusu siku ile.

Nyanya alikatwa kidole kimoja, na mguu ukapona. Alirudi baada ya mwezi mmoja na nusu akiwa na vidonge kwenye chupa na karatasi ya vyakula. Niliisoma karatasi hiyo kwa sauti, naye akaipinga mstari kwa mstari kabla ya kuikubali. Pakiti za sukari alizigawa kwa nyumba zenye watoto. Kila aliyemwuliza sababu, alimwambia ukweli, na kabla ya mwaka kwisha wanawake wawili wa kilima chetu walikuwa wamekwenda kupimwa, kila mmoja na mjukuu wake. Tabibu Warsame alizoea kumwuliza kila mzee, kabla ya swali lingine lolote, angependa nani akae naye. Swali hilo alijifunza kulisema kwa Ekegusii.

Nyanya aliishi miaka minane zaidi. Tulimzika mwaka wa 1977, kando ya babu.

Siku hizi baba mwenyewe ana ugonjwa wa presha. Huenda kliniki Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, na anayeingia naye ndani ni Machogu, mtu wa rika lake aliyetahiriwa pamoja naye. Wanamwambia daktari nini humo, mimi sijui, wala siulizi.